Jinsi nilivyokwamua tendo la pili

Tamthilia yangu ilikwama tendo la pili kwa miezi mitatu. Mchana kazi, jioni darasa la uandishi wa kubuni, usiku watoto wawili na vyombo. Nilikuwa nikingoja walale ndipo niandike. Saa nne hivi nilijikuta nimelalia kompyuta, ukurasa mzima umejaa herufi k.

La kwanza, nilimwendea mwalimu nikamwomba maonyesho ya tamthilia yahesabiwe kama kazi za darasa. Akakubali, mradi kila onyesho lijibu swali la wiki hiyo. Ningemwuliza mapema! Kazi mbili zikawa moja.

La pili ni safari ya matatu. Kutoka Kayole hadi mjini Nairobi, foleni ya Jogoo Road hunila saa nzima, wakati mwingine zaidi. Sasa nina daftari dogo la kunakili watu wanavyokatizana. Kondakta hadai nauli kwa sentensi kamili; hugonga sarafu kwenye chuma na kusema, "Huyo wa dirisha." Mhusika wangu mdai nilimtoa hapo.

Lakini kilichokwamua hasa ni jikoni. Jumamosi moja nilimpa binti yangu wa miaka tisa asome maneno ya bibi mzaa baba huku nikikata sukuma. Akasoma mistari miwili, akaacha.

"Mama, shosho hawezi kusema hivi. Shosho angenyamaza, aanze kukunja leso."

Nikazima jiko. Nilifuta hotuba nzima ya ukurasa mmoja, nikaandika: *Anakunja leso.* Sukuma ilipoa.