Siku Moja Maishani Mwangu: Begi la Kamera Katikati ya Umati

Saa 2 asubuhi

Usiku nina kazi ya kupiga picha tamasha la muziki, ukumbi umejaa pomoni tangu tiketi zilipotoka. Natandaza shuka mezani na kupanga kila ninachokwenda nacho: bodi mbili za kamera (yaani kamera zenyewe bila lenzi), lenzi ya 24-70mm ya vilivyo karibu, ile ndefu ya 70-200mm ya kuvuta vilivyo mbali, na ile ndogo ya 35mm kwa ajili ya kona zenye giza. Halafu betri za akiba, kadi za kumbukumbu, kitambaa cha kufutia lenzi, tepu nyeusi, vizibo vya masikio. Begi bado sijaligusa. Wapigapicha wengi hununua begi kwanza kisha wakatafuta vya kulijaza, na begi kubwa halikosi cha kumeza. Lenzi ya 70-200mm yenye f/2.8, yaani tundu pana la kupitisha mwanga, peke yake ina uzito wa kati ya kilo moja na kilo moja na nusu. Ukiongeza bodi mbili na lenzi ya pili, umeshafika kilo tatu au nne kabla hujahesabu begi lenyewe.

Leo nina jambo la ziada la kuamua. Begi langu la begani limechoka pale mkanda unaposhonewa na mwili wa begi. Ukivuta unaona nyuzi zinaachana. Hapo ndipo pa kukagua kwanza begi lolote, jipya au kuukuu, maana uzito wote unaning'inia hapo. Mshono unaofaa unazunguka begi zima kwa chini, au umepigwa mraba na msalaba ndani yake. Wenzangu wawili wameniazima mabegi yao niyajaribu, na kabla ya jioni lazima nichague moja la kuingia nalo kazini.

Saa 4 asubuhi

La kwanza ni la mgongoni. Ni zuri, lina sponji nene, na mabega yanagawana uzito sawasawa. Kwa safari sina neno nalo. Ndani ya umati halinifai hata kidogo: kila ninapogeuka nampiga mtu aliye nyuma yangu, siwezi kulifungua bila kulivua, na zipu zake ziko mahali ambapo macho yangu hayafiki lakini mikono ya wengine inafika. Kulivaa kifuani kunaokoa vitu visiibwe, ila hapo linazuia viwiko, na mpigapicha anayeshindwa kubana viwiko mbavuni atatikisa kamera.

La pili ni la begani, dogo, la turubai, lina mkanda mwembamba wa kulifunga kiunoni. Umbo hili lina historia. Miaka ya 1970 mpigapicha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, Jim Domke, alichoshwa na masanduku magumu ya kamera akabuni begi laini la turubai linalolala ubavuni. Wapigapicha wa habari walilipokea, na mabegi yenye jina lake yanauzwa hadi leo. Kitambaa laini kinajikunja kufuata mwili, kwa hiyo unapita penye watu waliosimama bega kwa bega bila kumchokonoa mtu kwa kona za begi.

Nalijaza, nalivaa, nafumba macho. Mkono wa kushoto unashika kamera, wa kulia unatafuta lenzi ndefu. Naitoa, nairudisha, naitoa tena. Jaribio hili ni bora kuliko maelezo yote ya muuzaji, kwa sababu usiku hutaona ndani ya begi na mkono mmoja hautakuwa na nafasi. Nagundua kifuniko chake kinafungukia nje, mbali na tumbo langu. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Kifuniko kinachofungukia kuelekea mwilini kinasimama kama ukuta kati ya mkono na vifaa, na watu wakikusukuma kutoka mbele kinajifunga juu ya vidole.

Kasoro yake ni velkro, ule utepe wa kunatana unaopiga kelele ukiuachanisha. Ukiivuta kwenye tamthilia au wakati wa hotuba, safu nzima inageuka kukutazama. Kwa muziki wa jukwaani si tatizo, lakini mimi hupiga shughuli za aina zote. Nakata kipande cha kitambaa na kuibandika velkro ya upande mmoja isishike. Klipu ya mbele inatosha. Begi la usiku limepatikana.

Saa 8 mchana

Betri chaji. Nafuta kadi baada ya kuhakikisha nakala za kazi iliyopita zipo kwenye diski mbili. Nabandika tepu nyeusi juu ya nembo ya kamera na ya begi: mwizi asijue bei, na taa za jukwaa zisimulike maandishi meupe. Naondoa kigawanyio kimoja cha sponji ili lenzi ndefu isimame wima, mdomo chini, tayari kushikwa upande wa kufungia.

Saa 11 jioni

Mlangoni. Sheria za begi nimezisoma siku zilizopita, na nakuomba nawe uzisome kabla hujalipia begi lolote. Kumbi na viwanja vingi vina kikomo cha ukubwa. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ilianza 2013 kuwataka mashabiki waje na begi linaloonyesha vilivyomo, lisizidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Mwenye kibali cha kupiga picha anaweza kuwa na utaratibu wake, lakini mlinzi ataangalia tu kama begi linapita au halipiti.

“Dada, fungua.”

Nabonyeza klipu, kifuniko kinaanguka nje, kila kitu kinaonekana bila kutoa hata kimoja. Baunsa anamulika tochi, anagusa sponji, ananipisha. Begi lenye mifuko ya siri kumi na miwili lingepekuliwa hadi wimbo wa kwanza uishe.

Saa 2 usiku

Niko kwenye ule ujia mwembamba kati ya uzio na jukwaa. Masharti ya leo ni yale yanayotumika katika matamasha mengi duniani: nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, kisha mnatolewa. Kama dakika kumi hivi. Tumebanana, kila mmoja anataka katikati. Bodi moja ina 24-70mm, nyingine ina 70-200mm, zote shingoni na begani. Ndani ya begi imebaki 35mm na vitu vidogo tu, kwa hiyo limelala bapa ubavuni na wenzangu wanapita nyuma yangu bila kuniomba nisogee. Hii ndiyo sababu nasema begi la umati lipimwe likiwa nusu tupu. Vifaa vinavyofanya kazi viko mikononi. Begi ni la kupokea na kutoa.

Masikioni nina vizibo, maana spika za mbele hufikisha desibeli 100 na zaidi. Vinakaa mfuko mdogo wa nje, peke yake, na navifikia bila kufungua kifuniko.

Saa 3 usiku

Sasa nimeingia katikati ya watazamaji, kutafuta nyuso zao. Mkanda wa kiunoni naukaza, begi nalisogeza mbele kidogo ya nyonga, mkono wa kushoto unalilinda. Bodi yenye lenzi ndefu imerudi ndani. Kadi zilizojaa nimezigeuza lebo chini kwenye kikasha, kikasha nimekitia mfuko wa suruali wenye zipu, si begini. Begi likipotea ni hasara. Kadi zikipotea ni kazi ya watu wote waliopanda jukwaani leo.

Vipande vya karatasi vinarushwa kutoka juu, vinatua kila mahali. Turubai halina zipu ya kuviziba pembeni, na viwili vitatu vinaingia. Hapa begi la mwenzangu limeniangusha kidogo.

Saa 6 usiku

Nyumbani. Natoa kila kitu, nageuza begi juu chini, nakung'uta karatasi na vumbi, naliacha wazi lipate hewa kwa sababu turubai limenywa jasho langu. Picha zinaingia kwenye kompyuta. Nimeshaamua: nitanunua umbo hilihili la begani, kifuniko kinachofungukia nje na mkanda wa kiunoni, lakini lenye masikio ya kitambaa yanayokunjwa pembeni chini ya kifuniko, na saizi moja chini ya hili. Lenzi ya 35mm itakaa mfuko wa koti.