Maneno ya Ayubu nimemwachia Ayubu

Kwenye jumuiya yetu mimi ndiye ninayeshika daftari la rambirambi, kwa hiyo msiba ukitokea napigiwa simu mapema. Siku za turubai si ngumu. Watu wamejaa, masufuria yako jikoni, kwaya inaimba, rozari inasaliwa kila jioni. Kazi ya kumfariji mfiwa inaanza turubai likishaanuliwa na ndugu wa mbali wakishapanda mabasi.

Kilichonipa njia ni Kitabu cha Ayubu. Msibani hakosekani mtu wa kumwambia mfiwa, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Ni maneno ya Biblia, lakini tazama aliyeyasema: Ayubu mwenyewe, alipofiwa na watoto wake (1:21). Rafiki zake hawakuyasema. Wao walikaa naye chini siku saba bila kutamka neno, na kwa maoni yangu hilo ndilo jema kubwa walilomfanyia, maana walipoanza kumweleza kwa nini yamempata, mwishowe Mungu aliwakasirikia (42:7). Basi nikajiwekea sharti: mfiwa akiyasema mwenyewe naitikia amina, asipoyasema, simtangulii.

Jirani yetu alifiwa na kijana wake kwa ajali ya bodaboda. Baada ya arobaini nikawa namwendea mchana, saa ambayo nyumba imepoa. Biblia niliiacha kwenye kikapu. Nilitoa mchicha, tukauchambua pamoja, nikamtaja marehemu kwa jina. Wengi wanaogopa kufanya hivyo wakidhani wanatonesha kidonda, kumbe mama yule alikuwa na hamu ya kulisikia. Alicheka akinisimulia jinsi kijana alivyokuwa akificha nyama chini ya ugali ili aongezewe nyingine, kisha kicheko kikageuka kilio. Nami nikalia. Kuna wanaosema machozi ya Mkristo ni upungufu wa imani. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia (Yohana 11:35). Watu wa namna hiyo siku hizi nawajibu kwa mstari huo tu.

Siku moja akaniambia, "Dada, mimi kusali siwezi tena." Tukafungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo humalizia kwa sifa au matumaini. Hii inaishia gizani.

"Na hii nayo ni sala?"

Nikamwambia imepangwa katika Sala ya Usiku ya Ijumaa, mapadri na watawa wanaisali.

"Basi hii naiweza."

Kubeba huzuni za watu kunachosha, nisidanganye. Ndiyo maana sipendi kwenda peke yangu. Nakwenda na mama mwingine wa jumuiya, njiani tunarudi tukiongea ya kwetu, bei ya unga na watoto. Na kuna majuma namwachia yeye.

Baba wa kijana ni habari nyingine. Nikifika mimi, yeye hutoka nje. Mume wangu ndiye humwendea. Wanasikiliza mpira redioni na kubishana Simba na Yanga mpaka usiku. Jina la kijana tumeliandika kwenye nia za Misa za Novemba, mwezi wa marehemu, na baba yake ameambiwa hivyo basi. Katibu wa jumuiya ameshauliza kama mume wangu amemgusia habari ya kurudi kanisani. Hajamgusia, na mimi ndiye niliyemwomba asimgusie.