Hajulikani

Jumapili alasiri nilikwenda kwa Bi Mkubwa, mke wa marehemu Maalim, mwalimu wangu wa muziki, kumwonesha picha za onesho letu la taarab. Nilimkuta barazani anachagua mchele. Kaziangalia picha moja moja, kaniuliza nani huyu na nani yule, kisha akainamia ungo wake na kusema bila ya kunitizama:

"Yule mgeni wenu wa fidla kasema Kiswahili kizuri jukwaani. Nani kamfundisha?"

"Mimi, Bi Mkubwa."

"Haya," akasema, akaendelea na mchele.

Ni hayo tu. Hakupandisha sauti, hakununa, na nilipoaga akanifungia vitumbua nimpelekee Mama. Leo ni Alkhamisi na bado naisikia ile "haya" yake. Wiki hii kaka kapata mtoto wa kike, onesho la Ngome Kongwe limekwisha salama na watu walikaa mpaka kwenye ngazi, barua ya safari ya Bergen, huko Norway, imekuja na jina langu limo, na yote hayo yamenipita kwa sababu ya neno moja nililolitoa kinywani mwangu mwenyewe.

Mlikuwa pamoja nami tangu mwaka jana, tulipokuwa tunatumiana sauti kwa simu na yule dada wa Norway, ndiye huyo mgeni wa fidla, tukitayarisha onesho, kwa hiyo sirudii mwanzo. Nirudie siku ya nne ya mazoezi. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, feni haizunguki, madirisha yote wazi. Yeye kakaa mkabala nami na ile fidla yao ya Hardanger mapajani, yenye nyuzi nne za juu zinazopigwa na tano za chini ambazo haziguswi na mtu, zinalia zenyewe zikiitika za juu. Shingoni imenakshiwa kwa vipande vya gamba la chaza, kama ganuni yangu, ile ala ya nyuzi nyingi ninayoipiga kwa pete vidoleni. Watoto wangu wa darasa la Jumamosi walikuwa wanapokezana kutia sikio karibu ili wasikie zile nyuzi za chini zinavyobaki zikinong'ona baada ya uta kuondoka.

Tulikuwa kwenye bashraf ya Maalim, kipande cha ala tupu cha kufungulia, ile ya Bayati, moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Mnaijua, ndiyo tunayofungulia kila harusi. Nilijua patakapoleta tabu ni kwenye sauti ya pili ya Bayati, ile inayokaa katikati, si ya juu wala si ya chini, ambayo kodian haina kitufe chake na mpiga kinanda huipita tu. Nikamnyanyulia vyuma vya ganuni, kimoja kimoja, nikampigia polepole. Akafumba macho, akaitafuta kwa kidole mara moja, akaipata. Wallahi niliacha kupiga. Akanambia wazee wa kwao nao wana sauti za namna hiyo katika nyimbo za zamani, na kwamba skuli za muziki zilitaka kuzinyoosha, wao wakakataa.

Kwa hiyo nilikuwa na furaha. Nataka mlijue hilo, maana sikusema nilivyosema kwa hasira wala kwa kuficha kitu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na haraka ya kuendelea.

Alikuwa anaandika noti kwa penseli kwenye karatasi yake. Alipofika mwisho akarudi juu, kona ya kulia, pale panapoandikwa mwenye kazi yake, akaniangalia na kuniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni:

"Nani alitunga?"

Nikamjibu, "Hajulikani. Ni ya zamani."

Hakulijua neno. Akaniomba nimkatie. Nikamkatia vipande kama ninavyowakatia watoto: ha, ju, li, ka, ni. Akarudia. Nikamsahihisha mkazo. Akarudia tena, safari hii sawasawa, na watoto wakampigia makofi. Kisha akaandika kwenye ile kona herufi nne na nukta: Trad. Kwao hiyo ni alama ya wimbo wa mapokeo, wimbo usio na mwenyewe.

Jumamosi usiku, mbele ya Ngome nzima, aliposhika kipaza sauti akaitangaza bashraf yetu kwa Kiswahili, kwa mkazo uleule niliomfundisha: "Mtunzi wake hajulikani!" Watu wakamshangilia kwa ule ulimi. Na mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwake, pete zangu mbili zipo vidoleni, nilishangilia pamoja nao. Safu ya tatu, upande wa wanawake, alikuwa amekaa mjane wa mtunzi.

Nimejiuliza mara mia kwa nini nilisema vile. Si kwamba simjui. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nilipomkuta Maalim akiitunga, kwenye duka lake la ushoni, mguu uko kwenye cherehani na mdomo unaimba khana ya pili, yaani sehemu ya pili ya bashraf. Alisita, akarudisha nyuma, akapiga pedali mara mbili, dum na tak, pigo zito na jepesi, akasema, "Hapa bado." Siku ya tatu ndipo akanambia, "Sasa imekaa." Ninaweza kuwaonesha mahali alipoweka mkasi.

Nadhani jibu lilitoka kwenye ada zetu. Katika chama cha taarab, mtu akitunga, kazi ni ya chama. Maalim mwenyewe akiulizwa alikuwa anasema "hii yetu," hasemi "hii yangu," na kijana akijitaja jina mbele ya wazee huonekana kakosa adabu. Nimekulia humo. Aliponiuliza mgeni, ulimi ukaenda njia ileile ya unyenyekevu, ila "hii yetu" ingekuwa kweli, na "hajulikani" si kweli. Mtu akiwa hataki kutajwa si sawa na mtu ambaye hakuna anayemjua. Yeye alikuwa na haki ya kunyamaza kuhusu yeye mwenyewe. Mimi sikuwa nayo.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Somo la kwanza la Bayati ambalo Maalim alinifundisha lilikuwa samai ya Kimisri, ile ya mapigo kumi, na hakuwahi kuitaja bila ya mwenyewe: "Samai Bayati ya Ibrahim al-Aryan." Kila mpiga ganuni wa Cairo na hata wa Unguja anaiita hivyo. Niko hapa Vuga, sijawahi kufika Misri, na mtu ambaye sikuwahi kumwona namtaja kwa jina lake na la ukoo wake kila Jumamosi mbele ya watoto. Waturuki waliotupa hili neno bashraf nao wana ada hiyo, wanataja maqamu kisha wanamtaja mtunzi. Sisi wenyewe tunajua kuhifadhi majina tukitaka. Wazee wanasimulia mpaka leo kuwa Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, na hilo ni jambo la kabla ya 1888. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani za santuri zilirudi zina jina lake, na ndiyo maana wajukuu wa waliozinunua wanamjua. Taarab imesafiri na kukutana na wageni tangu haijaitwa taarab, na kila ilipokwenda mtu alitakiwa aseme: hii ya fulani. Zamu hii aliyetakiwa kusema nilikuwa mimi.

Kuna na upande wa pesa, nao sio mdogo. Bashraf hii itarekodiwa Bergen. Ikiandikwa kuwa ya mapokeo, mirabaha inakwenda kwa aliyeipanga upya, na mtunzi hana fungu kwa sababu hayupo kwenye karatasi. Ikiandikwa kwa jina lake, sheria inamlinda kwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Bi Mkubwa analipa kodi ya nyumba kwa kuuza vitumbua. Vile alivyonifungia Jumapili vilikuwa biashara yake.

Usiku wa Jumatatu sikulala. Saa nane nikamwandikia yule dada ujumbe mrefu. Nilimwandikia kwa Kiswahili kwa sababu lile kosa nililifanya kwa Kiswahili. Nikamwambia: mtunzi anajulikana, ni mwalimu wangu, mimi ndiye niliyekudanganya bila ya kukusudia, nisamehe, na naomba ulifute lile neno kwenye karatasi.

Nilitegemea atakaa kimya kwa siku kadhaa, au ataniambia tuzungumze na wasimamizi wa mradi. Alfajiri nikakuta majibu. Alikuwa ameshalifuta. Kanitumia picha ya karatasi, ile kona imechakaa kwa raba, na pale pana nafasi tupu na alama ya kuuliza, ananiomba majina matatu kamili na jinsi yanavyoandikwa.

Kisha akaniandikia jambo ambalo nimelisoma mara nyingi tangu Jumanne. Kwao, anasema, mpiga fidla wa zamani hakuandika kitu, kwa hiyo mara nyingi mtunzi kweli hafahamiki. Lakini hawauachi wimbo hivihivi. Wanaandika *etter*, yaani kwa kufuata, halafu jina la yule ambaye wimbo umepokewa mkononi mwake. Akanisimulia habari ya Knut Dahle, mzee wa Telemark, aliyemwandikia barua Edvard Grieg mwaka 1888 kwa hofu ya kufa na nyimbo alizojifunza kwa mabingwa waliomtangulia, Myllarguten mmoja wao. Alingoja miaka. Mwaka 1901 akaandika tena, ndipo Johan Halvorsen akakaa naye, mzee anapiga na yeye anaandika. Nyimbo zile zinapigwa mpaka leo, na jina la Knut Dahle halijaondoka.

"Kwa hiyo mimi nilitakiwa nikuulize mara ya pili," akaandika. "Nilitakiwa niulize: wewe umeipata kwa nani?"

Nililia jikoni, na maji ya chai yakachemka yakakauka. Kama angeniuliza hivyo, ningejibu palepale bila ya kufikiri. Nimeipata kwa Maalim. Ndilo swali ambalo hata sisi tunaulizana. Na sasa nimeamua kwamba watoto wa Jumamosi, kila kipande ninachowapa, watasema na aliyenipa mimi, hata kama ni mazoezi ya vidole.

Jana nikarudi kwa Bi Mkubwa na karatasi mpya, nimeichapisha pale Darajani. Nilimwambia yote, na neno la "ha, ju, li" nikalisema wazi kuwa ni langu, mgeni hana kosa. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Noti hazisomi, lakini jina alilitafuta kwa kidole mpaka akalipata pale kona ya kulia, akalisoma kwa sauti. Akanyamaza. Kisha akasema:

"Babu yake umemkosea herufi. Na ile bashraf alikuwa hajaipa jina. Alisema ataipa, akasahau. Sasa mtaiandikaje?"

Sikuwa na la kusema. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kanzu chenye chaki bado, kipande alichokuwa anashona Maalim wiki aliyougua. Pembeni, kwa chaki ya fundi, kuna mistari mifupi na mirefu. Mwanzo nilidhani ni vipimo. Nikaipapasa kwa kidole, dum, tak, tak, dum, na nikaijua. Ni mapigo ya khana ya nne. Bi Mkubwa alikuwa anadhani miaka yote hii kuwa ni hesabu ya mteja, na hakukifua kitambaa kwa sababu tu hakuweza kukifua.

Tulikaa nacho mapajani mpaka adhana ya magharibi. Nikamwimbia ile khana, naye akawa anagonga ungo kwa kucha. Hakuitaja tena habari ya jukwaani. Lakini nimemwahidi kuwa kabla hatujaondoka kwenda Bergen, tutaipiga tena hapa Unguja, na atakayeitangaza nitakuwa mimi. Ile video ya Jumamosi imeshasambaa kwenye simu za watu, kila kundi ninaloingia naikuta, na kwenye video neno halifutiki kwa raba. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiiona, naomba uwaambie walio karibu nawe kuwa mtunzi ni fundi cherehani wa Mkunazini, na mwanafunzi wake ndiye aliyekosea.

Nilitaka kuandika zaidi kuhusu kitambaa, lakini wifi kanitumia ujumbe sasa hivi. Mtoto tangu jana hanyonyi vizuri, analala tu, na anasema akimtizama mwangani weupe wa macho umeingia manjano. Kaka yuko zamu bandarini mpaka asubuhi. Nimemwambia wifi asingoje, amfunge mtoto vizuri, nakwenda kutafuta gari.