Tahadhari ya mlipuko kwenye simu ya zahanati

Mhudumu wa zahanati nchini Tanzania akihisi ana mgonjwa wa kipindupindu, hahitaji simu janja wala bando. Mfumo wa eIDSR, yaani ufuatiliaji wa magonjwa kwa njia ya kielektroniki, unapokea ripoti kwa menyu ya nyota na reli, kama ile ya kutuma pesa: anachagua ugonjwa, anajaza taarifa za mgonjwa, anathibitisha. Taarifa inaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na ujumbe mfupi unakwenda kwa wahusika wa ngazi za juu. Magonjwa ya kuripoti haraka yanapewa saa 24. Mengine yanangoja ripoti ya wiki, Jumatatu hadi Jumapili, na kama hakuna mgonjwa unajaza sifuri. Usipojaza, wilaya haitajua kama kijiji ni kizima au simu haina chaji.

Taarifa za kupanda juu zimewekewa njia nzuri. Zinazosuasua ni za kushuka: wilaya ikishajua, zahanati za jirani zinaambiwa lini? Homa ya virusi vya Marburg iliyotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023 iliua hata mhudumu wa afya, kwa hiyo aliye mlangoni anastahili kujua mapema avae glavu.

Ukiwa wilayani, anza na orodha ya namba za zahanati. Watumishi huhamishwa, hustaafu, hubadili laini, na ujumbe unaendelea kwenda kwa mganga mfawidhi aliyeondoka mwaka juzi. Weka namba mbili kwa kila kituo, uzihakiki kila robo mwaka kwa ujumbe wa majaribio unaotaka jibu la tarakimu moja. Mtandao ukisema ujumbe umepokelewa, maana yake simu imeupata. Mwenye simu huenda yuko leba. Asiyejibu ndani ya saa mbili apigiwe.

Kisha maneno yenyewe. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na huu una 147 pamoja na nafasi:

KIPINDUPINDU: wahisiwa 3 kata jirani tangu 4/3. Mwenye kuharisha majimaji: mtenge, anza ORS, chukua sampuli ya kinyesi, ripoti leo. Jibu 1 ukisoma.

Ukituma, badala ya “kata jirani” taja jina la kata, ila usitaje jina la mgonjwa. Na kabla ya kuagiza sampuli, hakikisha zahanati hizo zina Cary-Blair, kihifadhi cha kusafirishia sampuli, la sivyo umewatuma kazi wasiyoweza kuifanya.

Kuna mtego mdogo unaotuhusu hasa sisi wa Kiswahili. Tahadhari ya kimeta haiwezi kukwepa neno ng'ombe. Ukiliandika kwenye Word kisha ukalinakili, ile alama ya juu inakuja imepinda, na alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za ujumbe mfupi. Ujumbe mzima unahamia mfumo wa herufi 70, na ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Uliokuwa mmoja wa herufi 150 unakuwa vitatu, gharama mara tatu, na simu za zamani huweza kuvionyesha bila mpangilio. Tumia alama iliyonyooka, au andika mifugo yakaisha.

Usiiachie kompyuta itume peke yake. Surua, kwa mfano, huhesabiwa mlipuko unaoshukiwa wahisiwa wakifika 5 eneo moja ndani ya mwezi. Kidole kikigusa 3 mara mbili, wagonjwa 3 wanakuwa 33 na wilaya nzima inatimuliwa usiku. Mratibu wa wilaya ampigie kwanza aliyeripoti: umri, dalili, chanjo, wametoka kijiji gani. Dakika tano zinatosha. Tahadhari mbili za uongo zikipita, ya tatu hata iwe ya kweli itasomwa kesho.

Linalosahaulika zaidi ni ujumbe wa kuondoa tahadhari. Kwa Marburg zinahesabiwa siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho athibitike kupona au azikwe. Siku hiyo ikifika, tuma kwa orodha ileile, na wale ambao ujumbe haukuwafikia wawekee alama: namba zao ndizo za kuhakiki kwanza.