Sensa ya moto iliyokuwa inalia alasiri

Jana binti yangu kaniuliza, "Baba, hii boksi ya sabuni umeibandika hapa ya nini?" Anaonesha kile kipande cha karatasi ngumu kilichozunguka jicho la sensa, kile kifaa kinachohisi moto na kuzima kazi, kwenye mashine yangu ya leza ya kuchorea maandishi kwenye mbao. Nikamwambia ni kofia ya jua, akaridhika akaenda kucheza, ila mi kazi ikanishinda pale pale nikaanza kukumbuka ile alasiri ya vibao vya wastaafu.

Mashine ilikuwa bado mpya pale fremu ya Chikongola. Ya dayodi, yaani leza inatoka kwenye kijipande kidogo cha kielektroniki, wazi juu haina mfuniko, mwanga wake wa bluu nanomita 455, mninga inauchora vizuri mno, mpingo nao inachora ila mpaka upitishe rangi nyeupe ndo maandishi yaonekane. Tangu Juni haijanisumbua hata siku moja. Msimu wa korosho ukaingia, hela ikaanza kuzunguka mjini, oda zikaja, na ndo hapo ikaanza, katikati ya kazi piiiii, leza inazima, kichwa kinaganda, skrini inasema moto. Moto uko wapi? Unaiwasha upya inatembea kidogo, piiiii tena, na pale ilipokatia mbao inabaki na mstari mweusi, upige msasa uanze mwanzo.

Nilishuku umeme nikaweka stablaiza. Nikabadili waya wa data, nikafuta lenzi, nikapunguza pawa nikidhani ni cheche. Wapi. Kilichonichanganya ni kwamba asubuhi inapiga kazi safi kabisa, alasiri ndo vurugu, nikasema basi inachemka, nikaifungia feni, na yenyewe wapi.

Fundi mmoja jirani akaniambia, "Njomba, piga soloteipu nyeusi hilo jicho, kazi iende." Najua wengi wanafanya hivyo na sio watu wabaya, oda zinawabana. Ila mi mule ndani nina mbao kavu, vumbi la mbao, makopo ya vanishi, na ukuta wa pili yupo mama anauza vitenge. Leza ikikwama sehemu moja juu ya mbao haichukui muda moto kuwaka. Nikakataa, na jibu lingine sina.

Siku hiyo mwenye oda alikuja mwenyewe, mwalimu, mtu mzima, hafla ya kuwaaga wastaafu kesho yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi, hajanilaumu hata kidogo, na hiyo ndo iliniumiza zaidi. Kibao kimeishia kwenye "Mwl." tu jina halijafika, mashine inalia. Akaona joto limezidi, akainuka akasimama mlangoni, kanga kaitandaza mabegani anajipepea na pindo lake. Nikawasha. Ikatembea. Herufi ya kwanza, ya pili, jina lote likatoka, moshi mwembamba unapanda, kimya. Nikasema alhamdulillahi. Akarudi kukaa. Piiiii.

Nikaangalia chini. Kulikuwa na mkanda wa jua umeingia kutoka mlangoni, umepita kwenye sakafu ya saruji, umepanda mguu wa meza, na ncha yake imetua sawasawa kwenye ile sensa, kitu cheusi kidogo kama punje ya mtama.

"Mama, samahani, hebu simama tena pale pale mlangoni."

"Kuna nini tena baba?"

"Simama tu mama yangu."

Akasimama. Nikawasha. Kimya. Akasogea pembeni, ikalia. Akarudi, ikanyamaza. Yule mama akaanza kucheka, akaishika kanga kwa mikono miwili akaitandaza mlango mzima, akasema chora mwanangu, mi nipo.

Ile sensa inasoma infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, moto unautoa na jua nalo linautoa kwa wingi tu. Na mlango wangu unaangalia kusini magharibi. Huku Mtwara tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini baada ya katikati ya Oktoba linaenda kusini, linarudi Februari. Juni linazama kaskazini kidogo ya magharibi kwahiyo ndani halifiki. Mashine haikuharibika, jua ndo lilihama!

Nikakata boksi ya sabuni nikaizungushia jicho upande wa mlango tu, upande wa kazi nikauacha wazi, afu nikawasha kiberiti pale mbao inapokaa. Ikalia. Hapo ndo nikaamini, tukamaliza vibao vyote na mwalimu akaondoka navyo.

Yule fundi nilimpelekea habari mbio. Kanisikiliza vizuri, kasema hongera, na soloteipu yake hakuibandua. Mpaka leo anafanya kazi hivyo na hajaungua, tukikutana tunabishana, ananiambia nioneshe mtu mmoja aliyeungua hapa mjini, mi namwambia nikuoneshe nini, njoo tu nikukatie boksi bure.