Mlinzi, mseto na saa moja mbili

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Mbagala Rangi Tatu. Ukifika saa kumi na mbili, daladala ya Kariakoo unaingia kwa dirishani, na mimi na hilo gauni la kazi hatuwezani na madirisha. Chai nakunywa kazini.

Saa mbili benchi la maabara limejaa. Wengi wanaokuja na homa hapa Dar hawana malaria, wanatoka na jibu hasi na uso wa kutoniamini. Nimezoea.

Saa nne akaingia mlinzi wa ghala, mtu mzima.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Juzi nilitetemeka hadi kitanda kikalia, jana bukheri wa afya, leo tena. Hii malaria au kuna mtu?”

Kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo, lakini mimi bado napenda slaidi, tone la damu kwenye kioo chini ya hadubini. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10, dakika 10, suuza, kausha, tone la mafuta, lenzi ya 100. Pete, yaani vimelea vichanga, zikajaa: nyembamba, zote za umri mmoja. Wale wakubwa hawaji kwenye damu ya kidole. Falsiparamu, aina ya kimelea cha malaria aliyokuwa nayo mzee, akikua hung’ang’ania kuta za mishipa midogo na kujificha humo, kwa hiyo tunaona watoto tu.

Ndani ya chembe nyekundu kimelea hiki hutumia kama saa 48. Mwisho chembe inapasuka, watoto wanamwagika, na hapo ndipo mtu anatetemeka. Camillo Golgi wa Italia alikwishaona mwaka 1886 kwamba homa inakwenda sambamba na kupasuka huko. Kwa falsiparamu ratiba huvurugika mara nyingi, maana makundi hayapasuki pamoja. Ya huyu mzee ilikuwa imenyooka kama ya kitabuni.

Sasa, nani anamwambia kimelea ni saa ngapi? Hapa ndipo ninapopenda kazi yangu. Panya wana malaria yao, ambayo baadhi ya aina zake huzunguka kwa saa 24. Panya hula usiku, na chembe zao hupasuka usiku. Watafiti wakawahamishia chakula mchana, na vimelea vikahama navyo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018. Baadaye ikaonekana isolusini, kipande kimojawapo cha protini kinachotokana na chakula, ni kama kengele yao. Mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba kimelea kina saa yake pia, ila huirekebisha kwa mwenyeji. Kwa ufupi, mgeni anasikiliza sufuria za mwenye nyumba.

Nikamuuliza, “Baba, unakula saa ngapi?”

“Saa nane usiku, lindoni. Mchana nalala.”

Nikacheka. Panya ni panya, siwezi kusema falsiparamu wake anafuata ugali wa saa nane. Lakini swali lilikuwa na faida nyingine. Daktari alipomwandikia dawa ya mseto ya malaria, mzee alirudi dirishani kwangu na karatasi: “Mwanangu, wameandika asubuhi na jioni. Asubuhi ndiyo usiku wangu.”

Tukakaa tukahesabu. Vidonge vinne akameza palepale saa tano asubuhi, baada ya chapati na chai ya maziwa, kwa sababu dawa hii huingia vizuri mwilini ikikuta mafuta. Dozi ya pili baada ya muda wa saa nane kupita, yaani saa moja usiku. Kisha kila saa 12: saa moja asubuhi anapotoka lindo, saa moja usiku anapoingia, hadi siku tatu ziishe. Akaandika kiganjani kwa kalamu: saa moja, saa moja.

“Na neti? Nilale nayo mchana?”

Akanishika. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma zaidi usiku, na usiku yeye yuko getini. Nikamwambia mikono mirefu na dawa ya kupaka. Jibu dogo kwa swali kubwa.

Saa nane umeme ukakatika. Nikasogeza hadubini ya zamani yenye kioo hadi dirishani, jua likanimalizia slaidi sita.

Saa moja usiku hii niko kwenye foleni, kondakta anadai nauli mara ya pili. Mzee ndiyo kwanza ameingia lindo. Vidonge nina hakika navyo, aliviweka mfuko wa shati. Nisicho na hakika nacho ni kama amekula.