Siku moja maishani mwangu: fundi wa Wi-Fi za majumbani

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya kutoka napekua begi. Kompyuta mpakato ipo, na adapta ya waya wa mtandao ipo, maana kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu lake. Kuna waya mfupi na mrefu, sindano ya kubonyezea kile kitufe kilichojificha kinachorudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, kalamu na karatasi. Watu huicheka karatasi. Wataacha kuicheka siku watakapoitafuta nywila ya ruta wakati intaneti yenyewe ndiyo imekatika.

Ujumbe wa kwanza umeshaingia: "Fundi njoo uniwekee Wi-Fi, nywila nitachagua mwenyewe." Karibu kila mteja wangu anajua nywila moja tu, ile ya kuingilia Wi-Fi. Ya pili, ile ya kuingilia kwenye ruta yenyewe na kubadilisha lolote, hajui hata kama ipo. Na hiyo ya pili ndiyo inayonitoa nyumbani kila asubuhi.

Saa 2:30 asubuhi

Ruta mpya, bado imo kwenye boksi. Mama mwenye nyumba ameshaamua ikae ndani ya kabati la televisheni kwa sababu haipendezi kuonekana. Tunabishana kwa heshima. "Mama, ukiifungia humo, chumba cha mwisho kitaambulia patupu." Mawimbi hupungua nguvu kila yanapopenya kitu, na vitu havilingani: mbao huyapitisha bila shida kubwa, zege lenye nondo huyakaba, bati na kioo cha kujitazamia huyarudisha yalikotoka, tangi la samaki huyanywa. Mwisho tunaiweka juu ya rafu koridoni, katikati ya nyumba. Mama anaitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Naanza kwa waya. Ukibadilisha jina au nywila ya Wi-Fi huku umeunganishwa kwa Wi-Fi hiyohiyo, inakukata katikati ya kazi. Kwenye kivinjari naandika 192.168.1.1, ruta nyingine hutumia 192.168.0.1, na kibandiko cha chini yake husema. Anwani hizi zimetengwa kwa mitandao ya ndani tu, ndiyo maana ruta ya jirani inaweza kuwa na namba zilezile na hakuna kinachogongana.

Jambo la kwanza ni nywila ya msimamizi. Ruta nyingi za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na neno "admin" pande zote mbili, jina na nywila. Mpya nyingi huja na nywila yake kwenye kibandiko au hukulazimisha uweke nyingine, lakini kibandiko husomwa na yeyote atakayeigeuza. Mama anauliza kwa nini asitumie hiyohiyo ya Wi-Fi. Namwuliza ile ya Wi-Fi atampa nani. Anataja mdogo wake, marafiki wa mwanawe, fundi wa friji. Je, wote hao awape na uwezo wa kubadilisha DNS ya nyumba, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya kompyuta yake? Mwenye kuishika DNS anaweza kukupeleka kwenye seva yake hata kama umeandika anwani sahihi ya benki. Kinachobaki kukuokoa ni onyo la kivinjari kuhusu cheti cha tovuti, na watu wengi hulibonyeza lipite. Mama ameelewa, anaiandika nywila ya pili kwenye karatasi yangu na kuikunja nyuma ya kitambulisho chake.

Baada ya hapo nasasisha programu ya ruta na kuwasha usasishaji wa kujiendesha. Nazima usimamizi kutoka nje ya nyumba, nazima na WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila ya Wi-Fi. Hii WPS ina namba ya siri ya tarakimu 8, na kwa macho inaonekana ngumu. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Majaribio ya kukisia yanashuka kutoka mamilioni hadi 11,000. Kompyuta haichoki kabla ya hapo.

Jina la mtandao nalo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, ufunguo hukokotolewa kwa kuchanganya nywila na jina. Kwa majina yanayotumiwa na watu wengi, kama yale ya kiwandani, wadukuzi wana majedwali yaliyokokotolewa mapema. Basi jina liwe la pekee, ila lisitaje ukoo wala namba ya nyumba. Nywila inaruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63. Mimi hupendekeza maneno manne au matano yasiyohusiana, kwani bibi anaweza kuyasoma na mgeni anaweza kuyaandika bila kuuliza mara kumi kama ile ni sifuri au herufi O. Nachagua WPA2 na mrithi wake WPA3 kwa pamoja, naaga.

Saa 5:00 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii ruta haijawahi kunisumbua."

Nafungua mipangilio na kukuta WEP. Ulinzi huo ulikuja na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi mwaka 1997. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir wakachapisha kasoro yake, na leo programu za bure huufungua kwa dakika chache. WPA ilitoka 2003 kama kiraka, WPA2 ikafuata 2004, WPA3 ikaja 2018. Mzee anajitetea kwamba ameficha jina la mtandao na ameweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Sijawahi kuvipenda vizuizi hivi viwili. Jina lililofichwa hutajwa hewani na simu yake mwenyewe kila inapojiunga. Anwani za vifaa nazo husafiri wazi, na anayesikiliza ananakili moja na kuivaa. Isitoshe, simu mpya hujibunia anwani kwa kila mtandao, kwa hiyo orodha ile inamzuia mjukuu aliyenunua simu juzi na kumwacha mwizi apite.

Ruta haina sasisho jipya wala WPA2. Namwambia ukweli: hii tuistaafishe. Anakubali shingo upande. Kabla ya kuondoka nairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, maana ina jina na nywila ya akaunti yake ya intaneti ndani, na vitu vya aina hii havikawii kuishia mikononi mwa watu.

Saa 7:00 mchana

Chakula, na simu ya tatizo: "Neti imegoma." Zima, subiri kidogo, washa. Imerudi.

Saa 8:30 mchana

Ghorofa. Simu yangu inaona mitandao ya majirani mpaka orodha haiishi. Kwenye gigahezi 2.4 ni chaneli 1, 6 na 11 tu ambazo haziingiliani. Kuna jirani aliyeona 3 haina mtu akajiona mjanja. Sasa anazisumbua 1 na 6 kwa pamoja, na anasumbuliwa na zote mbili. Naiweka yetu 11, upana wa megahezi 20, na vifaa vinavyoweza navihamishia gigahezi 5. Kijana wa nyumba analalamika kwamba huko wakati mwingine Wi-Fi hupotea dakika nzima kisha hurudi. Baadhi ya chaneli za gigahezi 5 zinatumiwa na rada. Ruta ikihisi rada lazima ihame, na ikienda kwenye chaneli nyingine ya aina hiyo husikiliza kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kurusha. Naihamishia chaneli 36, ambayo haina sharti hilo.

Kilichonikalisha hapa ni kamera. Kupitia UPnP, njia ya vifaa kuiomba ruta ivifungulie milango ya intaneti, imejifungulia mlango hadi nje, ruta haikumwuliza mtu, na nywila ya kamera ni ya kiwandani. Namsimulia baba mwenye nyumba habari ya Mirai ya mwaka 2016: programu iliyozunguka intaneti ikijaribu nywila kama sitini za kiwandani, ikakusanya kamera na ruta, kisha zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyotoa huduma ya DNS kwa tovuti nyingi, na tovuti kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua kitu. Nazima UPnP, nabadilisha nywila, na kamera pamoja na televisheni nazihamishia kwenye mtandao wa wageni, ambako hazitaona kompyuta ya kazini ya baba. Kijana ananuna, mchezo wake mmoja ulikuwa ukiitegemea UPnP. Namfungulia mlango mmoja kwa mkono, wa kifaa chake tu.

Saa 11:00 jioni

Mama wa asubuhi amepiga: printa haiingii. Ni ya zamani, inajua gigahezi 2.4 pekee na inababaishwa na mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Namwelekeza kwa simu aiache 2.4 kwenye WPA2 yenye AES (mbinu ya usimbaji) peke yake, na WPA3 ibaki kwenye 5. Kuipeleka kwenye mtandao wa wageni kusingefaa, kwani simu za ndani zisingeiona. Anaingia kwenye ruta mwenyewe, kwa ile nywila ya pili, na hanipigii tena.

Saa 2:00 usiku

Nina daftari la ruta za wateja: modeli na toleo la programu, nywila hapana. Usiku hupitia kurasa za watengenezaji kuona nani katoa sasisho. Modeli moja wameacha kuihudumia. Namwandikia mteja mwenye ruta hiyo, naye anajibu papo hapo: "Mbona bado inafanya kazi vizuri?"

Namwomba nipite kesho saa 4 nimwonyeshe, na nywila ya msimamizi aitafute leo leo.